Sarafu Iliyochakaa: Tafakari ya Dominika ya 29 ya Mwaka A



Dominika hii Mama Kanisa anatuwekea mbele yetu Injili ya Mathayo, sura ya 22, aya ya 15 hadi ya 21. Mafarisayo wanawatuma wafuasi wao, pamoja na watu wa Herode, wamwendee Bwana wetu kwa maneno matamu yenye sumu ndani yake. Wanamwuliza kama ni halali kumlipa Kaisari kodi. Bwana anaomba kwanza aonyeshwe sarafu ya kodi. Nao wanamletea dinari. Kisha anawauliza sura na maandishi yaliyomo ni ya nani. Mara nyingi sisi wahubiri hukimbilia jibu lake juu ya Kaisari na Mungu. Juma hili tunapenda kubaki kidogo kwenye lile swali. Tuliwahi kuulizwa swali hilo nasi, tukiwa na sarafu ya kale mkononi, na namna tulivyolijibu ilitufundisha jambo ambalo, kwa aibu yetu, tulilisahau hapa hapa parokiani.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa masomoni Roma, tulitumwa wakati wa likizo ya kiangazi kusaidia katika parokia ndogo ya mashambani. Paroko wa pale alikuwa mzee aliyekwisha kupita miaka 80, mwenye mikono ya mkulima na sauti ya chini. Katika droo ya sakristia, chini ya vitambaa vya altare, alihifadhi kisanduku cha kiberiti kilichotiwa pamba. Ndani ya pamba mlikuwa na kipande cha madini cha mviringo, kipana kama ukucha wa kidole gumba, chenye rangi ya kijani iliyofifia. Alikikuta humo alipokabidhiwa parokia, na aliyemtangulia alikikuta vilevile. Wote wawili waliambiwa kuwa hiyo ni dinari ya Kaisari, ya aina ileile aliyoonyeshwa Bwana. Kila mwaka watoto wa Komunyo ya Kwanza waliishika kwa zamu, na wazazi wao walikumbuka kwamba nao waliishika walipokuwa watoto.

Jioni moja, baada ya Masifu, mzee huyo alituwekea kisanduku kiganjani. “Padre,” alisema, “wewe unasoma Roma. Hebu tuambie sura hii ni ya nani. Macho yangu hayaoni tena.”

Tulikuwa na jibu kabla hatujaitazama. Injili haimtaji Kaisari kwa jina, lakini aliyetawala wakati Bwana wetu alipohubiri ni Tiberio, tangu mwaka 14 hadi 37, na wataalamu wengi huamini kwamba sarafu iliyoletwa ilikuwa dinari yake ya fedha. Dinari hizo zilipigwa Lugdunum, ambao leo ni mji wa Lyon nchini Ufaransa. Upande mmoja una kichwa cha Kaisari kilichovikwa taji la majani, na pembeni maandishi ya Kilatini yanayomwita Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliyetangazwa kuwa mungu. Upande wa pili ameketi mwanamke mwenye fimbo, na maandishi yanamtaja mfalme kuwa kuhani mkuu. Hata jina la sarafu hiyo limetufikia sisi tunaosema Kiswahili: denarius ya Warumi ilipita kwa Wagiriki na Waarabu ikawa dinari tunayoisoma katika Biblia zetu, ujira wa siku moja wa wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu.

Basi tulipoishika sarafu ya yule mzee karibu na dirisha, tulikuwa tukimtafuta Tiberio. Uso haukuonekana; palikuwa na kivimbe tu mahali pa shavu. Ukingoni tulisoma herufi N, S, T, A, N, na baada yake vijistari viwili au vitatu hafifu ambavyo hatukuviandika popote. Herufi hizo hazipatani na maandishi ya dinari ya Tiberio. Mtu mwenye busara angejiuliza kama huenda si Tiberio. Sisi tulidhani uchafu ndio unaotudanganya. Usiku ule, bila kumwuliza mwenyewe, tulichukua maji ya limau na chumvi, tukaisugua sarafu kwa mswaki wa zamani, na mahali palipokataa tukatumia ncha ya waya.

Asubuhi ilikuwa inang’aa kama kifungo kipya cha koti, na ilikuwa laini. Zile herufi tano za kina kirefu zilikuwapo bado. Vile vijistari vilivyozifuata havikuwapo tena.

Kijijini hapo aliishi mwalimu mstaafu aliyependa sana sarafu za kale. Paroko alimkaribisha chakula cha jioni, nasi tulimwonyesha sarafu huku tumeinamisha macho. Hakutugombeza. Aliigeuza mara moja, akauliza ni nani aliyeisugua, kisha akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Shaba iliyokaa ardhini karne nyingi huliwa na udongo, na uso wake wa awali hugeuka kuwa gamba la kutu. Mara nyingi alama na herufi hazimo tena katika shaba yenyewe. Zimehifadhiwa ndani ya lile gamba. Anayelikwangua ili azione herufi, anakwangua herufi zenyewe. Sarafu ya namna hiyo hulowekwa katika maji yasiyo na chumvi wala madini, siku nyingi, maji yakibadilishwa mara kwa mara, na udongo ukilainika huondolewa kwa kijiti cha mti, chini ya kioo cha kukuzia. Na mara nyingi ni afadhali kuiacha jinsi ilivyo.

Baada ya hapo alitufundisha kuitambua. Tunapenda kueleza hatua zake moja moja, kwa kuwa kila hatua ilikuwa pia mafundisho kwa roho.

Kwanza alitukataza kuanza na uso. Uso ndio unaotangulia kufutika, maana ndio ulioinuka juu na kusuguana na vidole na mifuko ya watu. Alituamuru tuanze na yale yasiyofutika kwa urahisi, yaani madini, upana na uzito. Pale tulipokuwa tumekwangua ukingoni palionekana wekundu wa shaba, si weupe wa fedha. Upana ulikuwa milimita 15, na dinari ya Tiberio hufikia kama milimita 18. Mizani ya duka la dawa ilisoma gramu 1.4, ilhali dinari ya Tiberio huwa na gramu 3.7 hivi. Kuchakaa hupunguza uzito, lakini hakugeuzi fedha kuwa shaba. Kwa mambo hayo matatu tu, kabla ya kusoma herufi yoyote, dinari ya Injili ilikuwa imekwisha kuondoka mezani. Mzee paroko aliweka uma wake chini, akanyamaza.

Hatua ya pili ilikuwa mwanga. Mwalimu alizima taa ya darini, akaiweka taa ya meza ubavuni, chini kabisa, mwanga upite juu ya sarafu kama jua la alfajiri linavyopita juu ya shamba. Mwanga unaotoka juu huufanya uso uliochakaa uonekane tambarare. Unaotoka ubavuni huweka kivuli nyuma ya kila kijivimbe. Aliizungusha polepole. Kichwa kikajitokeza, kimeelekea kulia, na nyuma ya shingo zikaonekana nyuzi mbili fupi zinazoning’inia, ndizo ncha za utepe uliofunga taji. Sura yenyewe haikurudi.

Hatua ya tatu ilikuwa upande wa pili wa sarafu, ambao sisi tulikuwa tumeupuuza. Chini ya mwanga ule tuliona mistari miwili mifupi iliyosimama, kila mmoja na mstari mwembamba kando yake, na katikati yao mti mmoja. Mwalimu alitabasamu. Hao, alisema, ni askari wawili wenye mikuki, na katikati yao ni bendera ya kikosi. Sarafu hizo zilikuwa na maneno ya Kilatini GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Zilipoanza kupigwa mnamo mwaka 330 zilikuwa na bendera mbili. Tangu mwaka 335 hivi zikapunguzwa ukubwa na bendera ikabaki moja, hadi mnamo mwaka 341. Kwa kuhesabu bendera tu, mtu anaweza kuisogeza sarafu isiyo na uso hadi ndani ya miaka sita au saba. Alitandaza karatasi nyembamba juu yake, akapitisha penseli kwa wepesi, na askari wetu wawili wakatoka kwenye karatasi, wembamba kama njiti.

Ndipo tukarudi kwenye zile herufi tano. Sasa zilisomeka kuwa sehemu ya CONSTAN. Huo ulikuwa wakati wa mfalme Konstantino, aliyefariki mwaka 337 na kurithiwa na wanawe watatu: Constantinus, Constantius na Constans. Tazameni majina hayo, ndugu wapendwa. Baba na wana wote watatu wanaanza kwa CONSTAN. Kinachowatenganisha ni herufi inayofuata na zile zinazoifuata hiyo. Ikiwa ni S, ni Constans. Ikiwa ni T, ni mmoja wa wale wengine, na herufi za mbele zaidi ndizo huamua. Ni vijistari vilevile tulivyoviona dirishani jioni ya kwanza, tusiviandike, kisha tukavisugua kwa waya.

Katika maktaba huko Roma tulifungua baadaye orodha kubwa ya sarafu za wafalme wa Kirumi, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1923. Juzuu ya 7, iliyoandikwa na Patrick Bruun na kutolewa mwaka 1966, inaishia mwaka 337. Juzuu ya 8, ya J. P. C. Kent, ya mwaka 1981, inaanzia hapo. Sarafu ya mzee ingeweza kuwa katika juzuu hii au ile, na hatukuwa na haki ya kuchagua. Mwalimu alikuwa amekwisha kutuandikia kikaratasi cha kuweka kisandukuni: sarafu ndogo ya shaba, ya jamaa ya Konstantino, kati ya mwaka 335 na 341, jina kamili halisomeki. Alituambia kwamba hilo ni jibu kamili. Kuongeza jina ambalo sarafu hailisemi ni kuitungia uongo.

Tulimwomba mzee paroko msamaha. Tulidhani atahuzunika kwa kupotewa na dinari yake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba kinachomsumbua ni watoto wale wote. Dominika ya mwisho kabla hatujarudi mjini, baada ya Misa, alisimama mbele ya waamini akiwa na kisanduku cha kiberiti. Aliwaambia kwamba kwa miaka mingi amewafundisha kuwa hiyo ni sarafu ya Injili, na sivyo. Ni sarafu ndogo ya watu wa kawaida, ya miaka ile Kanisa lilipokuwa limeanza kuabudu bila kujificha. Halafu akaongeza: “Tena tumeisugua vibaya, tukafuta jina lake.” Alisema tumeisugua, ingawa mkono uliosugua ulikuwa mmoja tu, na mwenye mkono huo alikuwa amesimama nyuma yake akiwa amevaa alba. Sarafu ilibaki kwao, na watoto wakaendelea kuishika.

Sasa turudi nyumbani. Mapema mwaka huu alifika ofisini kwetu mzee mmoja wa parokia hii. Ametupa ruhusa tuandike habari zake bila kumtaja jina. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi ukingoni mwa kiti. Alitaka yeye na mkewe wafunge ndoa Kanisani baada ya kuishi pamoja miaka mingi. Tulimwomba cheti cha ubatizo. Akatoa mfukoni kadi iliyokunjwa mara nne, iliyolowa mvua na jasho hata ikawa kama kitambaa. Jina la misioni lilikuwa limefutika, mwaka umefutika, na la padre aliyembatiza halikusomeka. Wazazi wake walihama akiwa mdogo na wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Tuliitazama kadi ile chini ya taa ya ofisi, kutoka juu, kwa muda usiozidi nusu dakika. Tukamwambia aende alikobatizwa akalete cheti kipya. “Baba,” alisema, “ningejua ni wapi, ningekuja nacho.” Tukamuuliza tena na tena, kwa sauti ambayo leo tungependa kuisahau, kama ana hakika kweli alibatizwa. Aliikunja kadi, akaaga kwa heshima, akaondoka. Baada ya miezi michache katekista alitudokeza kwamba mzee haonekani tena katika jumuiya yake.

Ndugu wapendwa, tulipoanza kuandaa mahubiri ya Dominika hii na kufika kwenye swali la Bwana, tulikumbuka ghafla mswaki, limau na waya. Kwa mara ya pili tulikuwa tumemsugua mwenye alama hafifu kwa kuwa hakutupa haraka jina tulilolitaka. Hatukumwuliza hata mara moja ni kitu gani kimebaki.

Alhamisi iliyopita tulikwenda nyumbani kwake pamoja na katekista. Tulimwomba radhi mbele ya mkewe. Kisha tukaomba tuione kadi, tukafunga dirisha moja, tukaiinamisha kadi mwanga uipitie ubavuni. Pale kalamu ilipogandamiza karatasi, tarakimu mbili za mwisho za namba ya kitabu zilionekana, pamoja na mwisho wa jina la msimamizi wake wa ubatizo. Tulipomsomea herufi hizo, mzee alinyamaza, kisha akalitaja jina zima. Na mkewe akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: dada mkubwa wa mumewe yu hai, na siku ile ya ubatizo alikuwapo kanisani, msichana wa kutosha kukumbuka.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 876, inasema kwamba ikiwa hakuna anayedhurika, ushuhuda wa shahidi mmoja wa kuaminika unatosha kuthibitisha ubatizo. Kanuni hiyo tuliijua tangu seminarini. Tuliijibu katika mtihani. Dada yule ataletwa hapa parokiani juma lijalo, na tumeandika barua kwa misioni anayodhani ndiyo. Jibu bado halijafika.

Mababa wa Kanisa walilisoma swali la Bwana kwa namna hii tangu zamani. Tertuliano wa Karthago, na baada yake Mtakatifu Agustino, walifundisha kwamba kama sarafu inavyorudishwa kwa Kaisari kwa sababu ina sura ya Kaisari, ndivyo mtu anavyorudishwa kwa Mungu kwa sababu ana sura ya Mungu. Nasi twaamini hivyo. Lakini kuna mahali ambapo mfano wa sarafu unakoma, na ni vema tupaseme. Sarafu ya yule paroko wa mashambani imepoteza jina lake, na hakuna mwanga utakaolirudisha. Mbatizwa haiko hivyo kwake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1272, inatufundisha kwamba Ubatizo unatia muhuri wa kiroho usiofutika, wala hakuna dhambi iwezayo kuufuta. Kadi ya mzee wetu ilichakaa. Alichotiwa siku ile hakikuchakaa. Iliyofifia ilikuwa namna yetu ya kutazama.

Tunawaomba basi, viongozi wa jumuiya, makatekista, wazazi, na sisi mapadre wa kwanza kabisa, tulipeleke swali la Bwana nyumbani juma hili. Yupo kijana aliyeacha Kanisa, yupo mlevi wa mtaani, yupo mama aliyeacha kuja kwa sababu ya neno tulilomwambia. Tusianze na uso wake wa leo, wala na jina tulilokwisha kumpa. Tuketi naye, tutafute kilichobaki: sala moja anayoikumbuka, wimbo wa utotoni, rozari ya mama yake iliyotundikwa ukutani. Na ikiwa tumekwisha kumsugua, twende kwake tukaseme hivyo kwa midomo yetu. Kama kuna yeyote kati yenu aliyeondoka ofisini kwetu namna alivyoondoka mzee huyu, tunamwomba radhi, na tunamwomba arudi na karatasi yake, hata kama haisomeki.

Tunawatakia Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu